Shina bovu la jino hula faida ya eskaveta

Wenye mitambo wanaokodisha eskaveta kwenye barabara na machimbo ya kifusi hujua vizuri gharama ya dizeli, mshahara wa opereta na rejesho la mkopo wa benki. Ipo gharama moja ambayo mara nyingi haiandikwi kwenye daftari. Hiyo ni gharama ya shina, yaani kipande cha chuma kilichochomelewa kwenye mdomo wa baketi ili kushika jino. Mafundi hukiita adapta.

Jino likiisha, mwenye mtambo hununua jingine na kazi ikaendelea. Shina likiisha, jino jipya huvikwa hapo hapo, likacheza, pini ikakatika na jino likazama kwenye lundo la kifusi. Mwenye mtambo hurudi dukani akilalamika kuwa ameuziwa mali mbovu, kumbe ubovu alikuwa nao mwenyewe kwenye baketi. Kwa eneo kama Kibiti na delta ya Rufiji, ambako msimu wa kazi hubanwa na mvua, kosa hilo huweza kumaliza faida ya miezi kadhaa.

Soko la kazi

Kazi za kuchimba katika ukanda huu hazitegemei mteja mmoja. Barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara inapita Kibiti na Ikwiriri kabla ya kuvuka mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, lililofunguliwa mwaka 2003 na kuwaondolea wasafiri adha ya kivuko cha Ndundu. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na zile za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Huko juu ya mto umejengwa mradi wa umeme wa Julius Nyerere wenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, ambao bwawa lake lilianza kujazwa maji Desemba 2022.

Maji nayo huleta kazi ya ghafla. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha vijiji na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo huo, kimbunga Hidaya kilipopita pwani, mvua ilikata barabara ya kwenda Lindi katika maeneo kadhaa upande wa Kilwa, na magari ya abiria na mizigo yakakwama. Kazi ya dharura ya namna hiyo haina subira. Mkandarasi hutafuta mtambo unaoweza kuchimba siku hiyo hiyo. Mwenye eskaveta ambayo baketi yake iko kwa fundi hubaki akiangalia wenzake wakilipwa.

Jino linavyoshikwa

Eskaveta ya kiasi cha tani 20, ambayo ni ya kawaida kwenye kazi za barabara, mara nyingi huwa na meno matano kwenye baketi ya kuchimbia. Kila jino lina uwazi kwa nyuma, mfano wa mfuko. Mfuko huo huvikwa kwenye pua ya shina, kisha pini hupitishwa kwenye tundu na kufungwa kwa kishikizo cha chuma au cha mpira. Shina lenyewe huwa na miguu inayoupanda mdomo wa baketi kwa juu na kwa chini, na miguu hiyo ndiyo inayochomelewa.

Mpango huo una maana ya kibiashara. Jino limetengenezwa ili life. Ni chuma kigumu sana, hutolewa kwa nyundo papo hapo kazini na halihitaji fundi wa kuchomelea. Shina ni la chuma laini zaidi kidogo ili likubali kuchomelewa na kuvumilia kishindo bila kupasuka. Kazi yake ni kudumu kwa seti nyingi za meno. Nyuma ya shina kuna mdomo wa baketi, bamba nene ambalo kulibadilisha ni kazi ya karakana kubwa. Kwa hiyo jino hulinda shina, na shina hulinda mdomo. Anayechelewa kubadilisha cha mbele hulipa kwa cha nyuma, na kila hatua ni ghali kuliko iliyotangulia.

Udongo wa Rufiji na chuma

Kasi ya kulika kwa chuma hutegemea kinachochimbwa. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko unaokadiriwa kufikia hekta 53,000, na hutajwa kuwa eneo kubwa kuliko yote ya mikoko yaliyo pamoja katika Afrika Mashariki. Msitu huo umehifadhiwa, hivyo kazi za mitambo hufanyika zaidi pembezoni, kwa mfano kuelekea Nyamisati, bandari ya kuvukia kwenda Mafia. Tope la huko halisagi chuma sana, lakini huganda ndani ya baketi na kuongeza uzito unaobebwa bure. Maji ya chumvi nayo hula pini na vishikizo. Pini iliyoshikwa na kutu haitoki kwa nyundo. Hukatwa kwa moto, na moto huo ukimgusa jirani yake, yaani pua ya shina, ugumu wake hupungua.

Kwenye mchanga wa mto na moramu ya machimbo mambo ni mengine. Chembe za mchanga mweupe ni ngumu kuliko chuma cha jino lenyewe, hivyo kila kijiko kinachoshushwa ni sawa na msasa unaopita juu ya chuma. Zikiingia kati ya jino na pua ya shina, na jino likawa linacheza, husaga sehemu ambayo mwenye mtambo haioni. Jino hulika kwa nje na shina hulika kwa ndani, na yote mawili huendelea kwa wakati mmoja.

Dalili za shina lililokwisha

Dalili ya kwanza ni sauti. Meno yaliyokaa vizuri hayagongi. Opereta akianza kusikia mlio wa chuma kwa chuma kila anapofungua baketi, kuna jino linalocheza.

Dalili ya pili huonekana wakati wa kubadilisha. Jino jipya likivikwa kwenye pua nzima huingia kwa kubana na hutikisika kidogo tu. Likiingia kwa ulaini na kuyumba kushoto na kulia kabla hata ya kuchimba, pua imekwisha. Baadhi ya watengenezaji hutoa kipimo cha bati cha kuwekwa juu ya pua. Mwanga ukipita kuliko inavyoruhusiwa, shina halifai. Asiye na kipimo hicho anaweza kukata karatasi ngumu kwa umbo la pua mpya siku anayonunua shina, akaitunza na kulinganisha nayo kila seti ya meno inapobadilishwa.

Dalili ya tatu ni tundu la pini lililopanuka na kuwa la mviringo mrefu. Dalili ya nne ni ufa kwenye kingo za kuchomelea, ambao huonekana tu baada ya kuosha baketi na kuipiga brashi ya waya. Ya tano ni kwenye daftari la stoo: ikiwa meno yanapotea kabla ya kulika, au nafasi ile ile ya baketi inapoteza jino mara kwa mara, tatizo ni la shina la nafasi hiyo.

Meno ya pembeni hulika haraka kuliko ya katikati. Opereta makini huyahamisha kabla hayajatofautiana mno, na yale yenye umbo sawa juu na chini huyageuza. Hatua hiyo haigharimu chochote zaidi ya dakika chache, na huongeza umri wa seti nzima. Kosa kubwa ni kuendelea kuchimba hadi jino litoboke. Likitoboka, udongo husaga pua moja kwa moja, na kazi ya siku moja inaweza kuharibu shina lililokuwa na umri wa miezi.

Hesabu ya kubadilisha au kusubiri

Hesabu ifuatayo inaonyesha njia tu. Namba zake zimechaguliwa kwa urahisi wa kuhesabu na si bei za soko. Kila mwenye mtambo anapaswa kuweka namba zake.

Tuseme eskaveta inakodishwa kwa Sh 90,000 kwa saa na inafanya saa 1,000 kwa msimu. Seti ya meno matano ni Sh 300,000. Mashina yakiwa mazima, seti hudumu saa 250, hivyo msimu mzima unahitaji seti nne, yaani Sh 1,200,000. Mashina yakiwa yamekwisha, seti hudumu nusu ya muda huo, na meno hugharimu Sh 2,400,000. Hiyo ni nyongeza ya Sh 1,200,000.

Ongeza saa kumi zilizopotea kwa kutafuta meno yaliyodondoka na kusubiri mapya, ambazo ni Sh 900,000. Ongeza lita moja ya dizeli kwa kila saa kwa sababu mtambo unasukuma badala ya kukata. Kwa bei ya kudhania ya Sh 3,000 kwa lita, hiyo ni Sh 3,000,000. Jumla ya hasara ni Sh 5,100,000 kwa msimu, au Sh 5,100 kwa kila saa ya kazi.

Upande wa pili, mashina matano kwa Sh 250,000 kila moja ni Sh 1,250,000. Fundi Sh 500,000, gesi na vijiti vya kuchomelea Sh 250,000. Mtambo ukisimama saa 12 za kazi, mapato yaliyokosekana ni Sh 1,080,000. Jumla ni Sh 3,080,000.

Ukigawanya Sh 3,080,000 kwa Sh 5,100, unapata takriban saa 604. Maana yake ni kwamba mwenye mtambo aliyebakiwa na zaidi ya saa 604 za kazi anapata faida kwa kubadilisha sasa. Aliyebakiwa na saa 300 tu anaweza kubadilisha shina moja au mawili mabovu zaidi na kungoja, ilimradi hakuna ufa na meno hayadondoki.

Lakini hesabu hubadilika kazi hiyo ikifanywa wakati mtambo umesimama kwa mvua. Zile Sh 1,080,000 za mapato yaliyokosekana hufutika, gharama hubaki Sh 2,000,000, na saa za kurudisha fedha hushuka hadi takriban 392. Kwa ukanda wa Rufiji, ambako masika ya Machi hadi Mei husimamisha kazi nyingi za udongo, huo ndio wakati wa kazi ya mashina. Mashina yakibadilishwa Mei, msimu mzima unaoanza Juni huwa wa kurudisha gharama. Yakibadilishwa Septemba, vuli ya Oktoba inaweza kuukuta mtambo ukiwa haujarudisha hata nusu ya fedha.

Kazi yenyewe

Kubadilisha shina si kazi ya kila anayemiliki mashine ya kuchomelea madirisha. Hatua zake ni hizi.

Kwanza ni usalama. Baketi hulazwa juu ya magogo au stendi imara, injini huzimwa na msukumo wa haidroliki hutolewa. Betri hutenganishwa ili umeme wa kuchomelea usiharibu vifaa vya elektroniki. Waya wa ardhi hufungwa kwenye baketi yenyewe, karibu na mahali pa kuchomelea. Ukifungwa kwenye mwili wa mtambo, umeme hupitia kwenye pini na bearingi na kuziunguza. Anayegonga meno avae miwani ya kinga, kwani jino gumu likipigwa kwa nyundo ya chuma kigumu huweza kurusha kipande chenye kasi kubwa.

Pili ni kuondoa shina la zamani. Huondolewa kwa moto wa gesi au kwa fimbo ya kaboni inayopuliza chuma kilichoyeyuka. Fundi hukata chuma cha kuchomelea na kuacha bamba la mdomo likiwa zima. Mabaki husagwa hadi pawe laini, kisha mdomo hukaguliwa. Nyufa zilizopo hufunguliwa na kujazwa kabla ya shina jipya kuwekwa. Mdomo uliolika mno hautalikalia shina vizuri hata likiwa la gharama kiasi gani.

Tatu ni kupanga mstari. Mashina ya pembeni hutangulia, uzi huvutwa kati yake, na ya katikati hufuata uzi huo kwa nafasi sawa. Shina lililopinda hufanya jino moja lichimbe kwa ajili ya yote, nalo ndilo litakalovunjika kwanza.

Nne ni joto. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Bamba la mdomo na shina ni chuma kinene na kigumu. Kikichomelewa kikiwa baridi, joto la kijiti hunyonywa ghafla, kingo huwa ngumu kama kioo na hupasuka. Ndiyo maana chuma hupashwa kwanza, kwa kawaida kati ya nyuzi 150 na 200 za sentigredi, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Joto hilo linapaswa kupenya unene wote wa bamba na kudumishwa hadi kazi iishe. Chaki maalumu inayoyeyuka kwa nyuzi zilizoandikwa juu yake hutosha kupima.

Tano ni vijiti. Kazi hii hutaka vijiti vyenye haidrojeni kidogo, kama vile vinavyojulikana kwa namba E7018. Vijiti hivyo hunyonya unyevu wa hewa haraka, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Unyevu huo hugeuka haidrojeni ndani ya chuma na kuleta nyufa zinazojitokeza saa nyingi baada ya fundi kulipwa na kuondoka, wakati mwingine siku ya pili. Vijiti vitunzwe kwenye oveni yake au vifunguliwe kwenye pakiti isiyopitisha hewa siku ile ile ya kazi. Boksi lililokaa wazi wiki nzima kwenye kontena la Nyamisati halifai kwa shina.

Sita, fundi huchomelea kwa mistari kadhaa myembamba, akibadilisha pande na kuondoa magamba kila baada ya mstari. Hachomelei kukatiza ukingo wa mbele wa mdomo, kwa sababu hapo ndipo mkazo ulipo mkubwa na ufa huanzia hapo. Mwisho baketi hufunikwa ili ipoe polepole. Kuimwagia maji ili kazi irudi haraka ni kuitupa kazi yote.

Kununua

Mnunuzi anayekwenda Kariakoo au Gerezani, Dar es Salaam, asiende na jina la mtambo peke yake. Eskaveta nyingi zilizotumika huja zikiwa zimeshabadilishiwa baketi au mfumo wa meno. Aende na jino la zamani, namba iliyo juu yake na unene wa bamba la mdomo uliopimwa. Kwa mfumo wa Caterpillar unaoanza na herufi J, kwa mfano, saizi J350 hutumika sana kwenye mitambo ya tani 20. Shina la J300 halitapokea jino lake ipasavyo hata kama kwa macho yanafanana.

Jino na shina vitoke kwenye mfumo mmoja, na vivikwe pamoja hapo hapo dukani kabla ya fedha kutolewa. Likicheza dukani, machimboni litacheza zaidi. Risiti ya mashine ya kodi ichukuliwe na namba ya bidhaa iandikwe, kwa sababu bila hiyo hakuna madai yatakayosikilizwa shina likipasuka. Ni busara pia kuweka stoo seti moja ya meno, pini na vishikizo vya akiba. Kibiti iko zaidi ya kilomita 130 kutoka Dar es Salaam, na safari ya kufuata pini moja hugharimu mara nyingi ya bei ya pini hiyo.

Nani analipa

Ugomvi mwingi kati ya mwenye mtambo na mkandarasi huanzia hapa. Mtambo ukikodishwa na opereta na mafuta juu ya mwenye mtambo, meno huwa juu yake pia, na bei ya saa inapaswa kubeba gharama hiyo. Mtambo ukikodishwa mkavu, mkodishwaji ndiye anayeamua unachimba nini. Akiuhamisha kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye mwamba, seti ya meno iliyokusudiwa kwa miezi huisha kwa siku chache.

Mkataba useme mambo matatu: meno na pini ni juu ya nani, mashina ni juu ya nani, na mtambo utachimba nini. Hali ya kila jino na kila shina iandikwe siku ya kukabidhi, ikiwezekana kwa picha zenye tarehe, na pande zote mbili zitie sahihi. Siku ya kurudisha hapatakuwa na mabishano kuhusu nani alikuta shina limekwisha.

Mambo ya kuanza nayo hayahitaji mkopo. Opereta apewe daftari, aandike saa za mtambo kila jino linapobadilishwa na nafasi yake kwenye baketi. Utingo akague pini kila asubuhi kabla injini haijawashwa. Mwishoni mwa msimu, kurasa mbili za daftari hilo zitamweleza mwenye mtambo ni shina lipi linalomla, na fundi aitwe wakati mvua bado inanyesha.